Majina ya Mlimani

Kila Alhamisi, baada ya Alasiri, nilikuwa nikisikia jina langu likisomwa pamoja na majina ya maiti. Sisimulii ndoto. Baba alikuwa akiketi kwenye ukumbi wa chini, nyumbani kwetu Mji wa Kale, msahafu mapajani, majirani wanne watano wamemzunguka, na Yasini ikishakwisha huanza kuwataja waliotangulia, mmoja mmoja, ili kila mtu apelekewe Fatiha yake. Wa kwanza ni wazee wa babu yangu. Kisha ami yake. Kisha mke wa kwanza wa Babu. Na baada ya huyo mke huja jina langu mimi, ila kwa ubini wa Babu.

Nilipewa jina la shangazi yangu. Kwetu ukipewa jina la mtu, huyo ndiye somo wako, na somo ana haki zake: hukutania, hukubeba, Idi ikija hukununulia viatu. Wenzangu wote mtaani walikuwa na somo zao walio hai, wanene, wenye mikoba. Wangu mimi alikuwa maiti, tena maiti wa mbali, juu ya mlima ambao hata mwalimu wa jiografia hakuujua. Nilikuwa na wivu na hofu kwa pamoja, na mpaka leo sijui lipi lilikuwa kubwa.

Mlima wenyewe uko Hadhramaut, huko Yemeni. Babu alizaliwa juu kabisa, katika kijiji cha mawe ambacho, kwa maneno ya Bibi, kilikuwa kizee tangu kabla ya Mreno kuleta jiwe la kwanza la Ngome yetu. Bibi hakuwahi kukiona. Yeye ni mtu wa hapa hapa, mzaliwa wa mtaa wa pili, lakini alikuwa akikieleza kana kwamba ametoka huko jana: ngazi zilizochongwa kwenye mwamba, birika la maji ya mvua, msikiti mdogo usio na mnara, na milango mifupi hata mtoto huinama akiingia. Babu aliondoka huko kijana, akamwacha mke na mtoto wa kike ambaye hata kusema hajaweza vizuri, akaja Mombasa kutafuta. Mambo yalipomnyookea kidogo ndipo akafika msafiri na habari. Mvua zimekata, homa imepita, waliosalia wameteremka bondeni, na mlimani hakuna tena anayewasha moto. Mkewe amezikwa. Mtoto hakuna aliyemwona.

Babu alingoja mwaka mzima. Halafu akamwingiza mtoto katika majina, nyuma ya mamake. Alikuwa ameshamwoa Bibi, Baba akazaliwa, nami nilipozaliwa Babu mwenyewe ndiye aliyesema jina lisipotee.

"Maiti wa kijiji kilichohamwa hawana mtu," Bibi alikuwa akituambia. "Wa kwetu wana wajukuu, wana majirani, hata mpita njia atawaombea. Wale wana nani? Wana sisi."

Basi siku ya Alhamisi mlango wa mbele huachwa wazi nusu, ubani hufukizwa, na watoto tunakatazwa kukaa kwenye kizingiti tusije tukawazibia njia. Bibi aliamini wanakuja kweli, kutoka mlimani hadi kwetu, kutazama nani amewakumbuka. Nami niliamini kuliko yeye. Nilikuwa nikikaa pembeni mwa mkeka na kumwachia nafasi mtoto mwenzangu. Bibi aliniona siku moja akaniuliza nafanya nini, nikamwambia. Hakunicheka. Akasema, "Mwachie, ni somo wako." Lo! Mtoto wa miaka sita unamwambia maneno hayo, halafu unashangaa kwa nini anakojoa kitandani.

Nimekua nayo hofu hiyo. Nimeolewa mara mbili na kurudi mara mbili, na watu husema ni kwa sababu ya ulimi wangu, nami siwakatalii. Sasa nauza leso katika duka moja la Biashara Street, na kwa miaka yote hiyo, Alhamisi ikifika saa tisa, naaga, narudi nyumbani nikapike kahawa ya wasomaji. Tajiri wangu ameshazoea. Nyumbani tumebaki wawili, mimi na Baba. Na kila Baba alipofika kwenye lile jina, popote nilipo ndani ya nyumba, shingo yangu ilikuwa ikipata baridi.

Kisha akaja muuza asali.

Alikuwa Mwarabu wa Yemeni, mtu wa makamo, mpole, anayekuja Mombasa kila mwaka na madebe ya asali na kukaa miezi miwili mitatu. Tulikuwa tukinunua kwake kwa mwaka wa tatu. Baba akila mkate wa mofa kwa asali ile, akisifu, akisema huu ndio utamu wa kwao. Kwao! Baba hajawahi kwenda mbali kuliko Tanga. Mwaka ule walikutana msikitini siku ya Alhamisi, Baba akamkaribisha asome pamoja nao.

Nilikuwa nyuma ya pazia, dele la kahawa mkononi, nikingoja waseme amina. Baba akaanza majina. Alikuwa haoni tena vizuri kwa mtoto wa jicho, lakini majina hayahitaji macho, ameyasoma tangu ujana. Wazee wa Babu, ami, mke. Likaja langu. Shingo ikapata baridi kama kawaida. Nami nikaona, kwenye upenyo wa pazia, muuza asali ameinua kichwa.

Hakumkatiza. Ana adabu zake. Alingoja mpaka majina yakaisha, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Mzee, kijiji chenu jina lake nini?" Baba akamtajia. Akauliza jina la Babu tena, na la babake Babu. Baba akamtajia. Yule mtu akatazama majirani, akamtazama Baba, akasema, "Huyu mwanamke mimi najua. Huyu hajakufa."

"Ati nini?" Sauti ilikuwa yangu, kutoka nyuma ya pazia, mbele ya wanaume.

Akaeleza, nusu Kiarabu nusu Kiswahili, na jirani mmoja aliyesoma Lamu akamsaidia. Kijiji ni magofu, hakuna mtu. Ila yuko mwanamke mmoja mkongwe anayeishi humo peke yake na mbuzi wake. Utotoni wajomba zake walimchukua wakampeleka bonde jingine, homa ikamkosa. Alipokuwa mtu mzima aliolewa, akafiwa na watoto, akafiwa na mume, akapanda mlimani kurudi nyumba ya babake. Anafuga nyuki. Mizinga ameiweka ndani ya nyumba za watu walioondoka, kila nyumba mzinga wake, na akienda kuvuna hupiga hodi mlangoni kwanza, huita mwenye nyumba kwa jina. Watu wa bondeni wanamwogopa. Yeye muuza asali hamwogopi, hupanda kwake kila msimu.

"Asali mnakula," akasema, "yake."

Miaka mitatu! Miaka mitatu tunachovya mkate kwenye asali ya mtu tunayemrehemu kila wiki. Majirani wakaanza kusema subhanallah, mmoja akacheka kwa woga, mwingine akalia. Na mimi nilikuwa nikimtazama Baba. Mtu ameambiwa dada yake yu hai, dada wa pekee aliye naye duniani, na hakuuliza hata neno moja. Hakuuliza yukoje, hakuuliza anaona, anasikia, anatembea. Akasema, "Mungu ndiye ajuaye," akainua mikono akafunga dua. Kahawa ilipoa kwenye dele.

Siku tatu Baba hakugusa asali. Chakula alidonoa. Siku ya nne asubuhi, nikiwa nafunga buibui niende kazini, akaniita.

"Mwanangu, hebu kaa."

"Nitachelewa, Baba."

"Kaa."

Akaniambia nikafungue sanduku la Bibi, chini ya makoti, kuna bahasha ndani ya juzuu kuukuu. Nikaitoa. Ilikuwa barua ya Kiarabu, ya mkono, wino umekuwa wa rangi ya kutu, na ilivyokunjwa ilitaka kukatika.

"Ililetwa na mtu aliyetoka Hija," Baba akasema. "Babu yako ana miezi michache kaburini. Wewe ulikuwa mdogo."

"Inasema nini?"

"Sijui."

Hapa lazima nieleze, maana asiye wa kwetu hataelewa. Baba amehitimu Kurani mara zisizo na hesabu. Anaisoma kwa sauti ya kukutoa machozi. Lakini barua ya Kiarabu, ile ya mkono isiyo na irabu, ya maneno ya nyumbani, hawezi kuisoma, wala wengi wa rika lake hawawezi. Tunaitwa Waarabu, tunavaa kanzu za Waarabu, tunajivunia kutoka huko, na barua ikija kutoka huko tunaishika kichwa chini miguu juu. Na hiyo ni aibu ambayo mtu hatoi nje. Kumwendea fulani amsomee barua ya nyumbani kwao, yeye mtoto wa fulani, imamu akikosekana yeye ndiye hutangulizwa? Baba aliona bora afe.

"Hukusoma hata neno?" nikauliza.

Akapapasa bahasha mkononi mwangu. Halafu akasema, "N'lisoma jina, pale mwisho."

Nikatazama pale mwisho. Hata mimi niliweza kulisoma. Ndilo lile ninaloandika kila mahali tangu chuo cha Kurani.

Mungu anisamehe, nilimkemea baba yangu. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzee. "Ulijua! Umemsoma dada yako pamoja na maiti miaka arubaini na zaidi, na ulijua!" Akasema hakujua, alidhani ni mwingine, kwetu majina ni yale yale yanazunguka. Nikasema uongo. Akasema aliogopa. Alikuwa na watoto, na nyumba hii ndiyo pekee, na mtoto wa kike ana fungu lake kwa babake, je, kama barua inadai fungu? "N'kasema n'tampa mtu aisome mwezi ujao," akasema. "Mwezi ujao ukawa mwezi ujao. Hata ikawa, mwanangu, ikawa siwezi tena. N'taanzaje?" Na Alhamisi ikifika alilisoma lile jina, kwa sababu kuliacha ingekuwa ni kukiri.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimtazama, mzee wa macho meupe amekaa kwenye ukingo wa kitanda, na hasira yangu haikupungua hata kidogo, lakini juu yake ikaja huruma, zikakaa zote mbili.

"Sasa wataka nini?" nikamuuliza.

"Radhi yake. Kabla mmoja wetu hajaondoka. Siwezi kwenda kaburini na hili."

Jioni ile nilimwita muuza asali. Aliisoma ile barua kimya, midomo ikimcheza, kisha akatusomea pole pole. Ilikuwa fupi. Baada ya salamu alikuwa ameandika: ndugu yangu kwa baba, nimesikia kwa mahujaji kwamba mzee wetu amefariki. Sitaki kitu. Niambie tu amekufa siku gani, nipate kumsomea kila mwaka siku hiyo ikifika. Basi. Na jina.

Baba alijifunika uso kwa kilemba. Sikuwahi kumsikia akilia vile, hata Bibi alipokufa. Muuza asali akakunja barua vizuri kwenye mikunjo yake ya zamani, akaomba ruhusa aende.

Alirudi Yemeni baada ya Idi, akatuahidi. Simu mlimani haishiki ila penye ukingo wa birika, na shangazi kufika hapo ni kutembea, lakini akasema atamfikisha. Tulingoja wiki sita. Baba alikuwa akikaa na simu yangu mapajani, mimi nikienda dukani bila simu, nikirudi namkuta palepale. "Imelia?" "Haijalia." Akaanza kukonda. Nami nikawa naota kijiji. Naona milango mifupi, natembea nikipiga hodi, na kila mlango naitikiwa na watu, wanajibu karibu, karibu, lakini jina langu tu halijibiwi.

Ikalia siku ya Alhamisi, majirani wameshatoka. Picha ilitokea ikapotea ikatokea tena. Kwanza nikaona mawe. Kuta bila mapaa, moja juu ya nyingine, zimeshikana na mlima hata hujui mwamba umeishia wapi na nyumba imeanzia wapi. Madirisha matupu. Kimya, na chini ya kimya mvumo, nikadhani ni upepo, nao ni nyuki. Nikaijua ile njia ya ngazi. Nikalijua birika. Bibi hakukosea jambo hata moja.

Kisha uso wake. Mdogo, mweusi wa jua, ushungi wa kijani, na pua ya Baba. Muuza asali alikuwa kando yake, akitafsiri. Nikamshikia Baba simu karibu na jicho linaloona kidogo, naye akalisahau lile la kuomba radhi alilolipanga siku arubaini. Akaita tu, "Dada. Dada."

Yeye hakuita. Aliuliza neno moja, na muuza asali akatwambia: "Anasema, alikufa siku gani?"

Baba akamtajia siku na mwezi. Akamwambia ilikuwa asubuhi, baada ya sala, na kwamba mwisho wa maneno yake alitaka maji. Shangazi akayarudia yote kwa sauti, mara mbili, akiyahifadhi. Ndipo Baba akamwaga yake. Alimwambia yote, barua, sanduku, nyumba, hofu, jina nililopewa mimi, na Alhamisi zote zile, hakujificha popote, na yule mtu wa watu akitafsiri. Nyuki wakivuma. Nilijua kama atasema hapana, Baba hatafika wiki.

Akasema mengi kwa pamoja, na tafsiri ikawa fupi. "Anasema, radhi amekupa. Anasema wewe mtoto wa babake, akikukasirikia wewe, nani mwingine amebaki?"

Baba akapumua. Akasema, kwa furaha kabisa, machozi yanamtiririka, "Mwambie Alhamisi ijayo namtoa! Jina lake siliweki tena na maiti, wallahi!"

Shangazi alipofikishiwa hayo akatikisa kichwa kwa nguvu, mkono ukaja mbele ya kioo. Muuza asali akamsikiliza mpaka mwisho, akatwambia.

"Anasema usimtoe. Anasema huku hakuna mtu. Akifa, nani atapeleka habari? Njia mbaya, vita, mimi labda sipo. Anasema mwache hapo alipo, muendelee kusoma. Itafika Alhamisi mmoja itakuwa kweli."

Halafu akauliza yuko wapi yule aliyepewa jina lake. Nikajitokeza kwenye kioo. Akanitazama, akacheka, meno mawili, akasema kitu, na picha ikakatika. Muuza asali hakuwahi kunitafsiria alichosema.

Baba alifariki mwaka uliofuata, kwa wepesi, akiwa amekula. Alikuwa ameusia jina lake liwekwe nyuma ya la dada yake. "N'limtangulia kwa dhuluma," aliniambia, "huko nisimtangulie." Sasa tunasoma ndani, mimi na wanawake watatu wa mtaani, na majina nayataja mimi kwa kichwa. Mlango tunauacha nusu wazi.

Muuza asali hajaja miaka miwili. Namba yake nimeipiga hata vidole vimeizoea. Haipatikani. Namba ya pili aliyotuachia haipatikani. Nimewauliza Waarabu wanaoshuka na bidhaa, nimewauliza wa halua na wa tende, hakuna ajuaye habari za mlima ule, wananiambia kule hakuna watu, mama, kumehamwa zamani. Asali ya mwisho imebaki vidole viwili chini ya chupa, imeganda, siigusi.

Hofu yangu ya utotoni imerudi, lakini imegeuka. Zamani niliogopa atakuja. Sasa nikifika kwenye lile jina nasita, wanawake wanainua vichwa, najaribu kusikia kama kuna mtu ameingia na kukaa pembeni mwa mkeka. Nimeanza tena kumwachia nafasi. Yeye aliomba siku moja tu ya kufa mtu, tukamnyima miaka arubaini. Mimi nataka ya kwake, na sina pa kuandika barua.

Alhamisi hii nimemsoma tena, nyuma ya mamake, mbele ya Baba.